Saa yangu ilikuwa inahesabu chukudu, si miye

Wandugu, kama saa yenu ya kuhesabu hatua inadanganya, someni hii kabla hamujaiuza.

Kila asubuhi hapa Goma nasukuma chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, yenye bidoni za maji kutoka Kituku, kando ya ziwa Kivu. Nikifika nyumbani, saa inasema hatua chache mno. Kesho yake, njia ileile, inazidisha. Niliizima na kuiwasha, nikaongeza programu mpya, nikaihamishia mkono wa kuume. Bure. Nikaifunga kwenye kifundo cha mguu: ikanipa karibu nusu, maana yangu ilishika mguu huo mmoja tu.

Ndipo nikafahamu. Kihisi kilichomo ndani kinafuata mtikiso wenye mpigo wa kutembea. Mkono ulioshika usukani wa chukudu hauchezi, halafu mawe ya volkeno yanautikisa yanavyotaka.

Basi niliitoa mkanda wake, nikaiweka kiunoni, kwenye mfupa wa nyonga. Siku ya kwanza niliitia mfukoni, ikawa inarukaruka na kuongeza hatua. Kilichoniponya ni kipande cha mpira wa tairi ya ndani: niliikaza mpaka isisogee hata kidogo.

Kisha nikapima. Nilihesabu kwa mdomo, na kila hatua 100 nikahamisha punje moja ya mahindi toka mfuko huu kwenda ule. Punje tano, saa ikaandika 494. Mapigo ya moyo haisomi tena ikiwa hapo, lakini hayo sikuyahitaji.