Mbio Nilizozianza na Dera

Nilianza kukimbia nikiwa na miaka 54, nimevaa dera na raba za mwanangu zilizonizidi nambari moja. Miaka mingi niliamka saa kumi kukanda unga wa mahamri. Binti yangu alipoichukua biashara, nikabaki naamka saa ileile, naitazama dari. Sukari nayo ikaanza kupanda, daktari akasema nitembee.

Kutembea kukanichosha upesi. Alfajiri moja, baada ya swala, nilifika kwenye mibuyu ya Mama Ngina, ufukweni hapa Mombasa, nikajaribu mbio kutoka mbuyu hadi mbuyu. Nilifika natweta kama niliyefukuzwa na mbwa.

Kosa lilikuwa kasi. Hapo nikakumbuka Machi 2007, mbio za nyika za dunia zilipoletwa kwetu, kwenye uwanja wa gofu papo hapo kando ya bahari. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyeshinda miaka mitano mfululizo, aliacha njiani kwa joto letu, na dhahabu akaenda nayo Zersenay Tadese wa Eritrea. Ikiwa Mombasa ilimshinda Bekele, mimi muuza mahamri nashindana nayo kwa lipi? Nikapunguza: dakika moja mbio, mbili kutembea, mwendo wa mtu anayeweza kupiga soga. Wiki hadi wiki nikaongeza kidogo, na jua likipanda niwe nimeshafika nyumbani nanywa dafu. Na mafuta ya mgando mapajani, ngozi isichubuke! Hilo hakuna aliyeniambia, nililijua kwa machozi bafuni.

Vijana wa bodaboda walikuwa wakinipigia kelele, "Bi Mkubwa, polepole, feri bado ipo!" Nami nacheka, pumzi ya kuwajibu sikuwa nayo.

Mwaka jana nilimaliza kilomita 21 kwa saa tatu na dakika ishirini, wagawa maji wanakunja meza. Medali ameitundika mjukuu kwenye kitanda chake.

Lakini kilichonibadilisha si medali. Jirani mmoja aliniomba anifuate, kwa kuwa gizani peke yake anaogopa. Akaja na dadake, dadake na wifi yake. Sasa tuko kumi na mmoja, wengine na buibui juu ya suruali ya mazoezi, na nisipotoka mimi, hawatoki.

Saa kumi na nusu simu inaita.

"Mama, umeamka?"

Nimeamka. Natafuta soksi.