Faili zimehamia seva mpya, zinafunguka, lakini hazihifadhiki: nilivyotatua

Imekaa sawa hatimaye, kwa hiyo naandika kwa atakayekwama hapa. Folda za pamoja zilihamishwa kwa Robocopy (amri ya Windows ya kunakili faili) kutoka seva moja ya Windows kwenda nyingine, kisha zikashirikishwa upya kwa mkono. Watu wakawa wanafungua faili vizuri, ila wakibonyeza kuhifadhi wanaambiwa hawana ruhusa. Na ukitazama ruhusa za folda yenyewe, kikundi chao kina haki ya kubadilisha!

Nilirudia kunakili kwa /COPYALL (inayobeba faili pamoja na ruhusa zake), nikapanga ruhusa upya kwa icacls (amri ya kupanga ruhusa za faili), nikazima na kuwasha seva. Wapi.

Kumbe malango ni mawili. Ruhusa za NTFS (mfumo wa faili wa Windows), yaani zile za folda yenyewe, husafiri na folda ukinakili kwa /COPYALL. Ruhusa za kushiriki mtandaoni hukaa kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio ya mfumo), na inayobana zaidi ndiyo inayoshinda. Folda ikishirikishwa upya, kwa kawaida kundi la Everyone hupewa kusoma tu.

Kwenye seva ya zamani nikatoa nakala ya ufunguo huu wa rejista:

HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\LanmanServer\Shares

Hakikisha umeuchukua pamoja na Security iliyo ndani yake, maana ruhusa zenyewe zimo humo. Kwenye seva mpya nikahifadhi kwanza ufunguo uliokuwepo, nikaingiza wa zamani, nikaanzisha upya huduma ya LanmanServer (ndiyo inayoshirikisha folda mtandaoni). Watu wakahifadhi papo hapo.

Njia za folda lazima zilingane: kama data ilikuwa D: na sasa iko E:, rekebisha kabla ya kuanzisha huduma. Na ruhusa ziwe za vikundi vya domeni, yaani vya mtandao mzima wa ofisi. Vikundi vya ndani ya seva ya zamani havitambuliki kwingine.