Nilivyomzika bibi kwa Kiingereza

Jioni nasoma Kiingereza hapa mjini Unguja, maana hotelini bila lugha utaishia kufua mashuka tu. Wiki iliyopita mwalimu katutaka tuandike mila moja ya nyumbani. Mie nikaandika karafuu.

Kwetu ni Wete, kisiwani Pemba. Msimu ukifika, mchana watu wako juu ya mikarafuu, usiku kazi inahamia barazani. Gunia linamwagwa juu ya jamvi, tunalizunguka: bibi, mashangazi, watoto. Unakamata kishada, unakisokota kwenye kiganja, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule. Vidole vinanuka hata chai ya asubuhi unaiona ya karafuu. Bibi hutoa hadithi, lakini ana sharti lake: mikono ikisimama, naye ananyamaza. Sungura kakwama kisimani, na atabaki humo humo mpaka mzindukane.

Kuyaandika hayo sasa! “We would sit” ilipita, kwa kuwa kukaa kule ni kitendo cha kila usiku. “We would live in Wete” ikakatwa kwa wino mwekundu: kuishi ni hali, kunataka “used to”. Na ukikanusha, ile d inaanguka, “didn't use to”. Haya, nikayameza.

Kasheshe ilikuwa hapa: “My grandmother used to tell us stories.” Mwalimu kasoma, kavua miwani. “Pole sana. Mungu amrehemu.”

Amrehemu nani? Bibi juzi tu kanipigia simu kuniuliza kama nakula!

Kumbe “used to” humfanya msomaji aelewe kuwa jambo limeshakwisha. Anayeendelea nalo ni “tells”. Sisi tuna hu- yetu, haina nafsi wala wakati: bibi hutoa hadithi, jana, leo na msimu ujao.

Usiku nikampigia.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu.”

Nikamweleza. Kacheka mpaka kakohoa. “Kwani mie nshakufa? Jana tu tumechambua hapa mpaka saa sita.” Kisha akauliza, “Na wewe, msimu huu waja?”

Nikamwambia kazi, bibi. Mwaka jana pia nilimwambia kazi. Na mwaka juzi.

Nimelirekebisha daftari. Bibi nimemuandikia “tells”. Ile “used to” sikuifuta, nimeihamishia kwenye sentensi inayoanza na “I”.