Maneno ya wifi mezani

Tangu Jumapili kuna sentensi moja inayonifuata kila ninapoingia jikoni. Aliisema wifi yangu akiwa ameshika kijiko, mbele ya watoto na mbele ya mama mkwe, kwa sauti ile ile anayoitumia kusifia nguo mpya: "Wifi, ukishapamba meza namna hii, nani atakumbuka kuuliza chakula kiko wapi?" Watu wakacheka. Baba watoto naye akacheka kidogo, kisha akanitazama. Nikasema, "Karibu uongeze adesi, wifi," nikamsogezea bakuli, naye akaongeza.

Hayo ndiyo yote yaliyosemwa. Wiki yenyewe imekuwa na mambo makubwa kuliko hayo, kwani mama mkwe ameruhusiwa kutembea bila mkongojo, ukaguzi wa hesabu kazini umekwisha salama, na ofisi yetu inahamia jengo jingine kabla mwezi haujaisha, lakini yote hayo nayapita upesi nikirudi kwenye ile sentensi. Ninachokirudia zaidi ni mahali macho yake yalipokuwa. Nikikumbuka kwamba alikuwa akiitazama taa niliyoitundika juu ya meza, sentensi huwa sifa, ya namna mawifi wanavyotaniana. Nikikumbuka kwamba alikuwa akiitazama sahani yake, huwa hukumu. Nilimuuliza baba watoto, akasema hakuona, kwa kuwa wakati huo alikuwa akimkatia mama yake mkate. Kisha akaongeza, "Dada yangu unamjua, hasemi jambo akalifuata." Alikusudia kunituliza, lakini mimi ndiye niliyebaki nikilifuata.

Chakula kilikuwepo, cha mimea tupu kama kawaida yetu, na maandalizi yake yalianza Jumamosi. Dengu zililala kwenye maji usiku kucha. Uyoga mkavu niliuloweka, maji yake nikayachuja na kuyamimina kwenye adesi, kwa sababu ndani yake mna ile ladha nzito ambayo wapishi huiita umami, na ambayo mkemia wa Kijapani Kikunae Ikeda aliitambua mwaka 1908 alipochunguza mchuzi wa mwani. Aliyezoea supu ya mifupa huikosa ladha hiyo kabla hajaikosa nyama yenyewe, na hapo ndipo wapishi wengi wa mimea tupu wanaposhindwa: wanaondoa nyama bila kuweka chochote mahali pa ladha yake. Mimi huweka uyoga, nyanya zilizopikwa hadi zikakolea wekundu, na vitunguu vilivyoachwa kwenye moto mdogo hadi vikawa rangi ya asali. Keki iliumuka kwa povu la maji ya dengu, jambo ambalo Mfaransa Joël Roessel alilitangaza mwaka 2014, na ambalo bado hunifurahisha kila ninapoyaona yale majimaji, ambayo zamani niliyamwaga, yakigeuka meupe na kusimama wima kwenye bakuli.

Kinachouma ni kwamba kuuliza chakula kiko wapi ni kugusa mahali ninapopalinda kuliko pote. Nina daftari la kijani ninamopangia chakula chetu, maana hatukuacha nyama, mayai na maziwa kwa kufuata upepo. Kikombe kimoja cha adesi zilizopikwa kina takriban gramu 18 za protini na zaidi ya miligramu 6 za madini ya chuma, lakini chuma cha mimea hakifyonzwi kwa urahisi kama cha nyama, ndiyo maana viwango vya Marekani humtaka asiyekula nyama apate mara 1.8 ya kiasi cha kawaida. Kwa hiyo lile limau nililolikamua juu ya mboga za majani lilikuwa na kazi, kwa kuwa vitamini C huusaidia mwili kukichukua chuma hicho, na chai niliichelewesha kwa makusudi, kwa kuwa chai inayonywewa pamoja na chakula hukizuia. Kuhusu vitamini B12 sitegemei mmea wowote. Hutengenezwa na bakteria, mtu mzima huhitaji takriban maikrogramu 2.4 tu kwa siku, na sisi sote huipata kwenye vidonge. Anayewaambia wazazi kwamba mwani peke yake unatosha anawaweka watoto wao hatarini, na hilo nitalisema popote. Baada ya kuyapanga yote hayo, mtu aketi kwenye meza hiyo na kuuliza chakula kiko wapi!

Upande mwingine wa sentensi, ule wa kupamba, nao una hesabu yake. Taa ya meza ile inaning'inia kama sentimita 75 juu ya mbao, ili nuru iangukie chakula na nyuso bila kumchoma yeyote machoni. Mwalimu wangu wa mbali katika jambo hilo ni Poul Henningsen, msanifu majengo wa Denmaki, aliyetumia miaka mingi akipanga vipande vya kivuli cha taa hadi aliyeketi asiweze kuiona balbu yenyewe. Taa yake ya PH 5, ya mwaka 1958, inatengenezwa hadi leo. Taa yangu si yake, lakini kanuni ni hiyo hiyo. Adesi na nyanya chini ya balbu mbovu huwa rangi ya kijivu, kama chakula kilichokaa siku mbili, na mtoto husukuma sahani kabla hajaonja. Balbu zina kipimo cha uaminifu wa rangi, chenye kikomo cha 100, lakini kipimo hicho cha kawaida ni wastani wa rangi nane zilizofifia, na nyekundu iliyokolea haimo kati yake. Ndiyo sababu balbu inaweza kuandikwa 80 kwenye boksi na bado ikaiua nyanya. Mimi hutafuta inayozidi 90, inayotaja nyekundu kwa alama yake yenyewe, na yenye nuru ya joto, yaani inayoelekea manjano, ya kelvini 2700 katika kipimo cha rangi ya nuru. Nilipoifunga balbu hiyo, nilikuwa napamba au nilikuwa napika? Kwa moyo wangu wote naamini kwamba nilikuwa napika.

Tena siamini kwamba mapenzi haya mawili, ya kupika na ya kupanga nyumba, yalikutana nyumbani kwangu kwa bahati. Margarete Schütte-Lihotzky, mwanamke wa Austria aliyebuni jiko la Frankfurt mwaka 1926, alianza kwa kupima hatua anazopiga mpishi na muda unaopotea kati ya sinki na jiko, kisha akapanga chumba chembamba chenye upana usiofika mita 2 na urefu wa takriban mita 3.4, chenye mlango wa kuteleza unaofungukia sebuleni. Majiko ya namna hiyo yalijengwa kama 10,000 katika mji ule. Nilipolihamisha kabati la nafaka na kuliweka karibu na sinki, ili kuchambua, kuosha na kuloweka kufanyike mahali pamoja, nilikuwa nikimfuata yeye, na tangu hapo maharage hupikwa kwetu hata siku za kazi, wakati zamani yalisubiri mwisho wa wiki.

Na kitani je? Kuhusu mmea huu ningeweza kuandika usiku kucha. Kijiko kimoja cha mbegu zake zilizosagwa, kikichanganywa na vijiko vitatu vya maji na kuachwa kwa dakika kumi, hushikamanisha unga mahali pa yai. Nyuzi zake ndizo zilizofumwa vile vitambaa vya mezani alivyovipapasa wifi kabla hajaketi. Mafuta ya mbegu zake hukauka juu ya mbao na kuilinda meza, nayo ndiyo niliyoyachagua nilipoikataa sheleki, vanishi ya mbao ambayo hutokana na utomvu unaotolewa na wadudu. Hata sakafu ya jiko letu ni linoleamu, iliyobuniwa na Mwingereza Frederick Walton katika miaka ya 1860 kwa kuyagandisha mafuta hayo hayo. Nilipoamua kwamba ngozi, sufu na hariri hazitaingia tena nyumbani, wengi waliniambia kwamba nyumba itakosa joto. Waje waguse kitani kilichofuliwa mara nyingi, kilicholainika bila kupoteza uzito wake, kisha waniambie kimepungukiwa nini.

Hadi hapo nilikuwa nimeandika kwa hasira, na nilidhani shajara hii ingeishia hapo. Jana usiku, nikiipaka meza mafuta baada ya wote kulala, nikakumbuka kwamba Jumapili haikumalizika wakati wa kicheko kile. Wifi kwa kawaida hula, hunawa, huaga. Safari hii watoto waliinuka, mama mkwe akaenda kunyoosha mguu, baba watoto akaenda kumpeleka mdogo kulala, naye akabaki ameketi chini ya taa, kiwiko mezani, akipangusa sahani yake kwa kipande cha mkate. Ile sentensi aliisema yapata saa moja na nusu jioni. Aliondoka saa nne usiku imeshapita.

Katikati ya hapo alinisimulia mambo ya nyumbani kwake tangu shemeji ahame, mambo ambayo si yangu kuyaandika. Lakini kuna moja alilolisema akiwa hanitazami, kidole chake kikifuata mistari ya mbao: "Siku hizi nakula nimesimama, wifi. Meza aliichukua." Nikasema, "Pole sana, wifi yangu," nikammiminia chai, maana saa yake ilikuwa imeshafika, tukakaa.

Sasa hiyo ndiyo sentensi ninayoirudia. Ile ya kwanza haijaacha kuuma, na sitajidai kwamba nimejua alikuwa akitazama nini alipoisema. Hata hivyo zote mbili zilitoka kwa mtu yule yule, usiku ule ule, juu ya sahani ile ile, na nikiziweka pamoja namwona mwanamke aliyefika kutoka kwenye chumba kisicho na pa kuegemeza sahani, akaingia mahali palipotandikwa kwa ajili yake, mbele ya mama yake na kaka yake, ikambidi aseme chochote haraka. Alikula sahani mbili, na ya tatu ya keki. Mtu akila hivyo na kuketi hivyo, jibu la chakula kiko wapi analo tumboni mwake.

Kwa hiyo nimetoa karatasi ya miraba. Jiko lake nalijua, lina ukuta mtupu upande wa dirisha, na ukuta huo unatosha meza ya kukunjwa iliyofungwa kwa bawaba, ambayo ikiinuliwa inapata upana wa sentimita 60, nafasi ambayo mlaji mmoja huhitaji ili viwiko vyake vitulie, na urefu unaomruhusu mgeni wa pili kuketi mkabala. Kimo chake kitakuwa sentimita 74 au 75, kiti chake sentimita 45, na taa ndogo ukutani yenye nuru ile ile ya joto, kwa kuwa anayekula peke yake ndiye anayehitaji nuru nzuri kuliko wote. Mbao nimezipata kwenye kabati jingine tulilolivunja. Nitazipaka mafuta ya kitani mara kadhaa, kila tabaka likipewa siku zake za kukauka, na matambara ya kupakia nitayatandaza nje yakauke moja moja, kwani yakikunjwa yakiwa na mafuta hayo hujipasha joto yenyewe hadi kushika moto. Siku ya kuifunga nitabeba pia bakuli la adesi, nimfundishe ule mchuzi wa uyoga, ambao mtu anaweza kuupika kwa nusu saa baada ya kutoka kazini. Baba watoto nimemwambia kuhusu meza tu. Alilopoteza dada yake ni haki ya dada yake kulisimulia.

Nilikuwa nikichora haya jioni hii, na kifungua mimba alikuwa akifanya kazi yake ya shule upande wa pili wa meza, mahali penye nuru bora kuliko pote nyumbani, na bado uso wake ulikuwa karibu mno na daftari. Wiki iliyopita nilidhani ni balbu, nikaweka yenye nguvu zaidi, na ameendelea kuinama vile vile. Nilimwomba anisomee kalenda iliyo ukutani kutoka pale alipoketi. Aliitaja tarehe ya leo haraka sana, kisha nilipomuuliza kilichoandikwa chini yake alikunja macho na kunyamaza. Miadi ya daktari wa macho ni Jumanne asubuhi, na Jumanne hiyo ndiyo siku ofisi yetu inapohama, na bado sijaomba ruhusa.