Ursli hasemi hivyo

Tangu Jumanne maneno matatu yamenikaa kifuani. Tulikuwa kitandani na Sudi, tunasoma kitabu cha Ursli, mvulana wa kengele, alichokuja nacho kutoka chekechea. Mnajua desturi yetu: picha za kitabu, maneno yangu, Kiswahili tupu. Nikafika pale Ursli anapoambulia kikengele kidogo kuliko vya wenzake. Nikaigiza sauti yake: "Hiki mimi sikitaki!" Sudi akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Mama, Ursli hasemi hivyo."

"Anasemaje?"

"Kama mwalimu."

Yaani kwa Kijerumani. Hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo paliponichoma. Alinisahihisha kwa upole, kama anavyonisahihisha Kijerumani changu dukani. Nikafunga kitabu, nikamwambia alale.

Wiki hii nimesaini mkataba wa kudumu pale kwenye nyumba ya wazee, na Baba Sudi amerudi salama kutoka msibani Tanga. Lakini kila nikitandika kitanda cha mtu, nilikuwa namjibu Sudi upya. Ursli husema lugha ya anayemsomea. Au: mwalimu naye alikuwa anaigiza tu. Majibu mazuri, yamechelewa.

Alhamisi nikamsimulia bibi mmoja ninayemhudumia, mzaliwa wa milimani huku Graubünden, Uswisi. Akanishika mkono. "Ursli ni Mromanshi," akasema. "Na aliyemchora pia." Waromanshi ni watu wa milima hii wenye lugha yao, Kiromanshi.

Usiku sikulala mapema, nikamsoma huyo mchoraji, Alois Carigiet. Alizaliwa kijijini Trun mwaka 1902, mtoto wa saba kati ya kumi na moja, nyumbani wakiongea Kiromanshi. Mwaka 1911 wakahamia hapahapa Chur, kwenye nyumba ya chini yenye giza, naye akaanza kuishi kwa Kijerumani. Miaka tisa! Sudi ana sita. Hadithi ya Ursli iliandikwa na Selina Chönz, kwa Kiromanshi cha bonde la Engadin. Alipomwomba Carigiet aichoree picha, ilibidi mchoraji aende kijiji cha Guarda, huko Engadin, kuzichora kwanza zile nyumba za mawe zenye kuta za marembo. Kitabu kikatoka 1945. Vitabu alivyoviandika mwenyewe vilianza 1965, akiwa mtu wa miaka sitini na kitu, na cha kwanza ni cha Maurus, mchungaji wa mbuzi. Mwaka uliofuata akapewa tuzo ya Hans Christian Andersen, mchoraji wa kwanza duniani kuipata. Niliitazama tena picha ya Ursli akipanda mlimani peke yake, theluji kila mahali, anakwenda kuchukua kengele kubwa. Nikaona mtoto wa Trun ndani yake. Labda ni macho yangu tu, lakini niliona.

Jana nikamweleza Sudi kwamba Ursli wala hakusema kama mwalimu, alisema Kiromanshi. Akafikiri sana, kidole mdomoni.

"Basi soma Kiromanshi."

Nikacheka mpaka Baba Sudi akachungulia mlangoni. Sijui hata neno moja. Nikasoma kwa Kiswahili mpaka mwisho, mpaka kwenye kengele kubwa, na ule mkono haukurudi kwenye ukurasa.

Mama yangu anafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho Jumatatu, na amekataa kusindikizwa. Anasema atapanda daladala mwenyewe. Kwenda sawa, lakini kurudi, jicho limefungwa bandeji? Dada hapokei simu tangu asubuhi.