Hadi diski (hard disk) ya GB 160 inasoma 31

Hii ni ya 2007, Morogoro, nilikuwa nafanya ufundi wa kompyuta pembeni ya duka la steshenari, akaja mzee mmoja mwenye studio ya video za harusi, kakasirika kweli kweli, simu iko mkononi anataka kumpigia aliyemuuzia hadi diski. Nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba dogo huku kasimama tu, "nimenunua GB 160, kompyuta inasema 31, huu si wizi?" Na kuna fundi alishamwambia hiyo feki, tupa.

Nikamwomba asimpigie mtu kwanza, anipe mashine nzima niiangalie, maana diski ikisoma pungufu mara nyingi inakuwa nzima kabisa, kinachokosea ni kile kinachoisoma. Na nilijua kwa nini ana presha, mkanda mmoja wa miniDV, ule mdogo wa kamera ya video, wa saa nzima ukiuingiza kwenye kompyuta unakula kama GB 13, sasa 31 ni mikanda miwili tu imejaa, na harusi moja ya huku kuanzia kanisani mpaka ukumbini ni mikanda mitatu minne. Watu washalipa wanasubiri harusi yao.

Nikawasha. BIOS, ile programu ya ndani ya bodi inayoamka kabla ya Windows, inasema 33.8, Windows inasema 31 na ushee, hiyo 33.8 ukishaizoea unaijua palepale. Zile BIOS za miaka ya 90 nyingi zilikuwa zinaganda zikikutana na diski kubwa kuliko hapo, kwa hiyo viwanda vikaweka jampa, kidude cha kuunganisha vipini viwili, ya kuifanya diski ijitangaze ndogo. Nikaichomoa, nikapuliza vumbi, juu ya lebo kuna kimchoro cha vipini vinavyokaa kati ya soketi ya waya bapa na ya umeme, nikalinganisha, kweli kuna vijampa viwili, kimoja cha kuifanya diski iwe ya kwanza kwenye waya (masta) na kingine cha kubana ukubwa. Diski ilikuwa mtumba, inaonekana ilishakaa kwenye mashine ya zamani zaidi. Nikakitoa hicho cha pili kwa koleo ndogo nikamwekea mzee kiganjani, kidude kidogo kama punje ya mchele, nikamwambia hiki ndo kilikuwa kinakula GB zako.

Tukawasha tena, BIOS ikasema 137, Windows 127. Mzee akafurahi akataka kuondoka nayo hivyohivyo, mi nikakataa kabisa. Mashine ilikuwa Pentium 4 za mwanzo, BIOS yake ya 2001, na utaratibu wa kuhesabu sekta (vipande vidogo vya diski) kwa biti 48 umeingia rasmi kwenye ATA-6, kanuni ya jinsi diski na kompyuta zinavyoongea, mwaka 2002, kabla ya hapo ilikuwa biti 28, yaani sekta milioni 268 na kidogo, kila moja baiti 512, ukizidisha unapata hiyo hiyo 137 ya BIOS. Nilichokuwa naogopa siyo hizo GB zinazokosekana, ni kwamba siku moja ataichukua hiyo diski akaigawe upya kwenye kompyuta mpya kisha airudishe hapa, na mfumo usiojua biti 48 ukiandika kupita huo mpaka unaweza kurudi mwanzo wa diski ukaandika juu ya faili zilizopo. Harusi ya mtu hairudiwi jamani.

Kwa hiyo nikatafuta BIOS mpya ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ileile, namba zake nikazisoma kwenye bodi yenyewe kwa tochi, nikaiweka kwenye flopi, nikaazima UPS, betri ya kushika umeme, kwa jirani kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo bodi inakufa. Mzee hapo ndo akakaa, tena hakuongea mpaka ikamaliza. BIOS ikaandika 160. Windows bado 127 maana ilikuwa Windows XP ya mwanzo isiyo na Service Pack (kifurushi cha marekebisho) hata moja, nikaiwekea Service Pack 2 kutoka kwenye CD, nikafuta patisheni (mgawanyo wa zamani wa diski), nikafomati kwa mpangilio wa faili wa NTFS, maana ule mwingine wa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4 na video zake zote zinazidi.

Ikasoma 149. Akaniangalia, "dogo, na hizo 11?" Nikachukua kalkuleta ya dukani nikampigia hesabu mbele yake, kiwandani giga moja ni baiti bilioni moja kamili, Windows inahesabu 1,073,741,824, diski ni ileile haijapungua kitu. Akarudia hesabu mwenyewe, halafu akagawanya kwa 13, akapata mikanda 11 na akiba kidogo.

Akaniuliza na ile kompyuta nyingine ya studio je, ya Windows 2000, anataka nayo aiwekee diski kubwa. Hiyo hata ukiwa na Service Pack 3 lazima uingie kwenye rejistri, hifadhi ya mipangilio ya Windows, uandike EnableBigLba uiweke 1, bila hivyo inabaki palepale 127. Nikamwambia ailete, ila kwanza atoe video zote zilizomo.