Shangazi anauliza nasahihisha nini

Shangazi yangu alifundisha shule ya msingi Tanga mpaka akastaafu, kwa hiyo kila nikimpigia simu swali lake ni lile lile: "Haya, na huko Bonn mwaka huu wamekupa darasa la ngapi?"

Nimeshajaribu kumweleza. Siku moja nilimwambia natoa elimu nje ya mfumo rasmi. Kosa. Kwetu maneno hayo ni MEMKWA, ni QT, ni mtu aliyekosa shule anapewa nafasi nyingine. Akawahurumia Wajerumani: "Kumbe na huko wamo wasiosoma!" Nikabadilisha, nikasema mimi ni mwezeshaji. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana mwezeshaji ni mtu wa semina, na semina ni posho. "Wanatoa ngapi kwa siku?" Hakuna posho, shangazi. Mshiriki analala na kula bure, nauli anarudishiwa kwa ngazi za umbali (kilomita 500 hadi 1,999 zina kiwango chake), na akipoteza tiketi ni shauri yake. Aliguna tu.

Kazi yenyewe ni hii. Watu wanaoshughulika na vijana, tuseme 24 kutoka nchi nane, wanakutana wiki moja kwenye nyumba ya vijana, mara nyingi kijijini, kwa fedha za Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa elimu na vijana. Wanakaa duara. Tunawachezesha mchezo wa dakika ishirini ambao ukiuona kwa mbali utasema ni wa chekechea, halafu saa nzima tunauzungumza: kimetokea nini, ulijisikiaje, hili umewahi kuliona wapi mtaani kwako? Kazi iko kwenye hiyo saa nzima. Ukiikatisha kwa sababu wa jikoni wanaita, umewachezesha watu, basi.

"Sasa unasahihisha nini?" Sisahihishi kitu. Kuna cheti kinaitwa Youthpass, kipo tangu 2007, na sehemu ya nini umejifunza anaiandika mshiriki mwenyewe, chini ya vipengele vinane. Mkufunzi hatoi alama. Mimi niliyelelewa na matokeo ya mitihani ya taifa ya NECTA, mara ya kwanza nilipopewa fomu ile nilikaa nayo nikingoja mwalimu aje. Mwisho nikaandika: "Nimejifunza mengi." Sentensi moja kwa wiki nzima.

Hilo ndilo lililonitesa baadaye kwenye mafunzo ya wakufunzi. Kuna mwongozo wa stadi za mkufunzi, wenyewe wanauita ETS, unaogusa kubuni programu, kufanya kazi kwenye timu, kuelewa tamaduni za watu, na mengineyo. Waliutandaza sakafuni, wakavuta mstari kwa utepe: mwanzo wa mstari ni anayeanza, mwisho ni anayeweza kumfundisha mwingine. Simama ulipo. Mimi nikasimama mwanzo. Kipengele cha pili, mwanzo. Cha tatu, hapo hapo, kama nimepigiliwa misumari.

Mwenzangu Mpolandi akanifuata. "Jana mchana ile kazi aliifanya nani?" Jana yake tulikuwa na igizo la mpakani, wengine maafisa, wengine waomba hifadhi, na kijana mmoja aliyewahi kuvuka mpaka kweli akanyamaza ghafla, macho sakafuni. Nilisimamisha igizo, nikaachana na mpango wote uliokuwa umeandikwa kwenye flipchati, nikatoka naye nje kwanza, ndipo nikarudi kuzungumza na kundi. Sikuona kama ni stadi. Niliona ni adabu tu. "Basi sogea," akasema. Nikasogea hatua mbili, uso unawaka. Nimekulia kwenye mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sembuse mgema anayejisifu mwenyewe mbele ya watu ishirini!

Shida ni kwamba kazi hii haina mwajiri. Wengi wetu tunaishi kwa mkataba wa kozi moja moja. Mwandaaji akitaka mkufunzi anaweza kupekua TOY, orodha ya wakufunzi mtandaoni iliyo chini ya SALTO, vituo vinavyosaidia miradi ya vijana ya Erasmus+, akasoma ulivyojieleza na waliowahi kufanya kazi nawe wanasemaje. Mara nyingi zaidi ni mkufunzi kumpigia mkufunzi: "Wiki ya pili ya Novemba uko huru?" Maelezo yangu kwa mwaka na nusu yalisomeka "nina uzoefu kiasi". Hakuna aliyepiga. Nilidhani ni rangi yangu, na sikatai kwamba rangi nayo ilikuwemo. Niliwahi kuitwa kwenye timu, nikaomba kipindi cha tathmini, nikakuta nimepangiwa kuwachangamsha watu kwa ngoma baada ya chakula cha mchana. Sijui hata kupiga ngoma.

Tena kuna pasipoti. Kozi ikiwa Ireland, wenzangu wananunua tiketi usiku ule ule; kibali changu cha Ujerumani kinaishia kwenye nchi za Schengen, zile za Ulaya zilizofunguliana mipaka, na Ireland haimo. Viza ikachelewa, nikampa nafasi yangu mwenzangu Mreno. Masika yaliyofuata ni yeye aliyenipigia, na tangu hapo sijakaa miezi mitatu bila kazi.

Mwezi jana nimeyaandika upya maelezo yangu, nikamsomea shangazi kwa Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hapo kati umesema 'nadhani naweza'. Futa 'nadhani'."

"Shangazi, si wewe uliyenifundisha ya mgema?"

"Hiyo ni ya mgema. Wewe unaomba kazi. Haya, soma tena, polepole, nina kalamu hapa."